Deni la Kusiliba

Septemba ni mwezi wa tofali Sepuka. Alizeti imekwisha kuvunwa, mtama na uwele viko ghalani, mvua haitarajiwi mpaka mwishoni mwa Novemba, na upepo wa Singida unakausha kila kinachoanikwa. Ukitoka Singida mjini kwa barabara inayopita Sepuka kwenda Ndago na Kizaga, unaziona kila palipobaki maji kidogo ya korongo: safu ndefu za tofali mbichi zimelazwa chini, nyingine zimesimamishwa kwa ubavu ili upande wa pili nao upate jua, na vijana wawili watatu waliovua mashati wanafyatua. Kalibu ya mbao, ndoo ya maji, lundo la udongo uliokandwa kwa miguu, basi.

Noah niliyopanda ilibeba bati juu ya keria, zimefungwa kwa mpira, na mifuko ya saruji chini ya miguu yetu abiria. Hivyo ndivyo nyumba ya kisasa inavyofika kijijini, kipande kwa kipande, kadiri alizeti au kitunguu kilivyolipa. Mama mwenye zile bati alikuwa amebanana nami kiti kimoja. Ukuta anao, akasema, umesimama tangu mwaka juzi ukingoja paa.

"Tumeuvika manyasi kichwani, lakini manyasi si bati. Ukilowa msimu mwingine, nitaanza upya."

Sepuka ni kata ya Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Singida Vijijini. Penye maduka pana mambo ya kila senta ya bara: bodaboda chini ya mti, mashine ya kukamua alizeti, msikiti na makanisa, kuku wanaopita katikati ya barabara kana kwamba wanajua Singida ni yao. Lakini ondoka hapo mwendo wa dakika chache na nchi inafunguka. Kuna majabali ya granaiti yaliyorundikana, mashamba yaliyobaki mabua, na miji ya Wanyaturu iliyojitenga mmoja mmoja, mingi imezungushiwa ua wa minyaa. Katika baadhi ya miji hiyo nyumba tatu za vizazi vitatu zimesimama pamoja: tembe la babu, nyumba ya tofali mbichi yenye bati lililopata kutu, na nyumba ya tofali za kuchoma ambayo haijaisha.

Nilikuja kumwona mwalimu mstaafu ambaye nilisikia anajenga nyumba ya kuishi uzeeni, na anaijenga kwa udongo kwa kusudi, si kwa kukosa. Nilimkuta hayupo, amekwenda kutafuta kokoto. Aliyenipokea ni mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi, anayeishi bado kwenye tembe hatua chache kutoka kwenye msingi mpya. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba huku akinitazama viatu, kisha akaniambia niinamishe kichwa.

Huwezi kuingia kwenye tembe bila kuinama. Ndani kulikuwa na giza la kupendeza na ubaridi ambao jua la saa saba mchana, lililokuwa likichoma nje, halikuugusa. Macho yalipozoea nikaona mifupa ya nyumba: nguzo nene zenye panda, boriti zimelala juu ya panda hizo, fito zimepangwa kuvuka boriti, halafu majani, halafu udongo. Paa lote la udongo linabebwa na nguzo. Ukuta wa fito na udongo unaziba tu nafasi kati ya nguzo na nguzo, na unaweza kuuvunja na kuukandika upya wakati watu wamelala chini ya paa lile lile. Wahandisi wa majengo ya ghorofa wanalipwa vizuri kwa kufikiri hivyo hivyo.

Mzigo wenyewe si mdogo. Udongo wa unene wa sentimita 15 una uzito unaozidi kilo 200 kwa kila mita moja ya mraba ukiwa mkavu, na ukilowa unaongezeka. Bati jembamba la dukani lina kilo mbili au tatu kwa eneo hilo hilo. Kwa hiyo tembe linataka miti, tena miti minene na migumu, na miti hiyo ndiyo iliyotangulia kupotea. Bibi alinionyesha boriti mbili zilizobadilishwa. Za zamani zilikuwa nyeusi ti kwa moshi, mpya zilikuwa za rangi ya mti wa kawaida na tayari mchwa ameziandika njia zake. Walipohamishia jiko nje, akasema, mchwa akahamia ndani. Moshi ulikuwa dawa ya boriti, na hakuna aliyelijua hilo mpaka moshi ulipoondoka.

Nyumba ya namna hii haikuwa ya Wanyaturu peke yao. Nyanda za juu za kati zote ziliijua: Wagogo, Warangi, Wasandawe, Wahehe, na Wairaqw kule Mbulu ambao baadhi ya nyumba zao walizizamisha nusu ardhini. Waarabu wa misafara walipofika Unyanyembe nao wakajenga tembe, wakaongeza milango ya kuchonga na baraza. Lile la Kwihara, karibu na Tabora, ndilo alilokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho, na leo ni makumbusho. Matajiri wa pembe za ndovu waliokuwa na uwezo wa kujenga wanavyotaka walichagua udongo juu ya vichwa vyao, wala hakuna aliyewaona maskini.

Nikamwuliza bibi kwa nini basi watu wameyaacha.

"Papasi," akasema mara moja, akacheka. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya, na huacha homa inayokwenda na kurudi. Homa ya papasi imewatesa watu wa Dodoma na Singida kwa vizazi. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, mmoja wa waliothibitisha kwamba papasi ndiye anayeieneza, aliambukizwa homa hiyo hiyo akaifia Kongo mwaka 1905, na kijidudu cha homa hiyo kimepewa jina lake. Anayesifia nyumba za udongo bila kumtaja papasi hajalala ndani yake.

Lakini bibi hakuishia hapo. Alinihesabia kazi. Kila mwaka kabla ya mvua, udongo uchimbwe, maji yaletwe kwa kichwa, mavi ya ng'ombe yachanganywe, ukuta usilibwe ndani na nje, sakafu irudiwe. Hiyo ni kazi ya wanawake. Wanaume wapande juu, waongeze udongo paani, na mvua ya kwanza ikinyesha wapande tena wakanyagekanyage palipovuja.

"Tulikuwa wengi," akasema. "Wake wenza, wakwe, mabinti. Asubuhi moja ukuta umekwisha, na nyimbo tumeimba. Sasa niko na mjukuu mmoja, naye yuko shuleni mpaka jioni. Nani atasiliba, mwanangu?"

Nadhani hilo ndilo jibu lenyewe, na papasi ni sehemu yake tu. Tembe ni nyumba inayodai. Deni lake hulipwa kila mwaka kwa mikono, na mikono ilipokwenda shule, mijini na machimboni, deni likabaki kwa bibi mmoja. Bati na saruji vilishinda kwa sababu havidai mapema. Kwenye mikutano ya hadhara tembe hutajwa sentensi moja na umaskini, na wanaopima hali ya kaya huuliza ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, paa ni la nini, wakaandika. Hawaulizi nani anaukarabati. Ukuta wa tofali mbichi uliojengwa vizuri na ukuta wa tofali mbichi unaoanguka huingia kwenye kisanduku kimoja.

Kabla ya hapo kulikuwa na pigo jingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya kutawanyika. Tembe halihamishiki. Nguzo zinaweza kung'olewa, lakini paa likivunjwa ni lundo la udongo. Watu waliofika mahali papya wakakuta mvua iko karibu walijenga kilichowezekana kwa haraka, na kibanda cha haraka ndicho kilichowapa watu wengi picha ya nyumba ya udongo: ukuta usio na msingi, paa fupi, mwaka wa tatu umelika chini kama jino bovu. Nyerere huyo huyo, mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wamelewa saruji na bati, wanaona saruji kuwa udongo wa Ulaya, na wako radhi kungoja miaka badala ya kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae. Kwa saruji alisema kweli. Kwa tofali za kuchoma hakupiga hesabu ya kuni. Tanuru linataka joto la nyuzi 900 hivi, na katika nchi kavu kama hii joto hilo linatoka kwenye migunga ile ile inayotoa mkaa na nguzo. Kwa bati alikosea, na nitasema kwa nini.

Mwalimu wetu, huyu wa Sepuka, alirudi jioni na trekta la kokoto. Ni mtu mwembamba anayezungumza kama anaandika ubaoni. Alifundisha mikoani miaka yake yote, akaishi kwenye nyumba za serikali za kila aina, na anasema alizokonda ndani yake ni zile za bloku na bati lisilo na dari: mchana tanuri, usiku wa Juni barafu. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya upepo wa Juni si ya mchezo. Ukuta mnene wa udongo hulipokea joto la mchana polepole na kuliachia usiku. Hilo bibi analijua bila kipimajoto.

Nyumba yake inaanza na mawe. Granaiti iko bure kila mahali, gharama ni kuipasua na kuibeba, na msingi umepandishwa sentimita 60 juu ya ardhi. Hapo ndipo udongo unaposhinda au kushindwa vita vyake. Mvua ya Singida si nyingi, kama milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, lakini huja kwa ghadhabu na upepo, na tone linaloruka kutoka ardhini hula ukuta kuliko linaloanguka kutoka juu. Shibam, mji wa Hadhramaut nchini Yemen wanakotoka jamaa wengi wa Washihiri wetu, una majumba ya tofali mbichi yenye ghorofa tano hadi saba na zaidi, mengi ya tangu karne ya 16. Mafuriko ya Oktoba 2008 yalipouingilia, kilichotishia majumba yale kilikuwa maji yaliyoyafikia miguuni.

Juu ya mawe kunakuja tofali za udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine mama ya aina hii ilibuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, zinazoingiana kwa meno na kupunguza sana udongo wa kujengea. Mwalimu ameazima mashine kwa jamaa wa mjini. Kabla ya kufyatua hata tofali moja alipima udongo, na kipimo chenyewe kilikuwa bado kibarazani: kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa nne na kina cha nne. Unajaza udongo uliolowa, unauacha ukauke kabisa, unausukuma upande mmoja na kupima pengo. Udongo uliosinyaa chini ya milimita 15 unataka sehemu moja ya saruji kwa sehemu 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kadiri pengo linavyokua, saruji inaongezeka, na ukizidi milimita 60 udongo huo ni wa chungu, waachie wafinyanzi au uongeze mchanga.

Udongo wa kichuguu peke yake, ambao kila mtu Sepuka anausifu kwa sakafu, ulipasuka vipande vitatu ndani ya kisanduku. Alipouchanganya na mchanga wa korongoni, pengo likawa kama milimita 25. Moja kwa 16, basi.

"Mimi naweka moja kwa kumi," akasema fundi, kijana mpole aliyekuwa akinoa mwiko ambao hauhitaji kunolewa. "Tofali ikivunjika, watu hawatasema udongo wa mwalimu. Watasema fundi."

"Kwa hesabu yako nitanunua saruji ya nyumba ya bloku, halafu niishi kwenye udongo."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini haitavunjika."

Nilimwelewa fundi. Jina lake ndilo dhamana yake pekee, na hakuna anayempa kazi ya pili mtu ambaye ukuta wake umeyeyuka. Wakaafikiana kwa njia nzuri: safu tatu za chini zitakuwa na saruji ya fundi, zilizobaki zitakuwa na saruji ya kisanduku. Tofali zimelazwa kivulini chini ya turubai, zinanyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza, na hazitaguswa mpaka siku 28 zitimie. Hili nalo ni gumu kulifundisha. Tofali mbichi ya kawaida inataka jua, hii inataka unyevu, na vijana wa kufyatua wamezoea kuona kilichokauka haraka ndicho kizuri. Mara mbili mwalimu alikuta turubai limefunuliwa kwa nia njema. Shimo walikochimba udongo, baada ya kuuondoa ule wa juu wenye mboji, litakuwa shimo la choo.

Sasa bati. Tembe halikusanyi maji, linayanywa. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mwalimu pamoja na veranda ni kama mita za mraba 100, kwa hiyo mwaka wa milimita 600 unalishushia lita 60,000. Toa hata moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 48,000, zaidi ya lita 130 kwa kila siku ya mwaka. Simtanki lake la lita 5,000 litajaa kwa mvua mbili tatu kubwa na mengine yatafurika, hilo analijua, na ndiyo maana amechora tangi la kuchimba chini. Ukimwuliza mwanamke wa Sepuka achague kati ya ubaridi wa tembe na maji mlangoni, usingoje jibu.

Lakini kelele na joto la bati vinabaki, na hapa mwalimu na fundi hawajaelewana. Mwalimu anataka, chini ya bati, dari ya fito na udongo mwembamba, yaani tembe dogo lililovuliwa kazi ya kuzuia mvua. Nilimweleza habari za shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoijenga Francis Kéré mwaka 2001 kwa tofali za udongo ulioshindiliwa: dari ya udongo yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake ili upepo upite katikati na kuchukua joto. Kéré alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, kubwa kuliko zote za wasanifu majengo, na alianza na shule ya kijiji chake. Mwalimu alifurahi sana. Fundi hakufurahi. Aliuliza uzito wa hiyo dari ni kilo ngapi, nani atazuia mchwa kwenye fito, na kama bati likitoboka mahali pasipoonekana, nani atajua kwamba udongo umelowa mpaka umwangukie mtu kitandani. Maswali matatu mazuri. Mwalimu akajibu la pili tu: atazipaka fito oili chafu.

Bibi alikuja na kigoda akaketi kuangalia mchoro uliotandazwa juu ya tofali. Aliwaacha wamalize habari za dari. Kisha akauliza jiko liko wapi. Mwalimu akamwonyesha chumba cha nyuma, ndani ya nyumba; watatumia gesi.

"Gesi ikiisha?"

Kimya kidogo. Fundi akachora kisanduku kingine nje, upande usiokuja upepo, bila kuambiwa. Bibi akasogeza kidole kwenye veranda, akauliza ina upana gani. Sentimita 60, fundi akasema, ndivyo wanavyojenga mjini. Bibi akanyanyuka, akaenda kwenye pembe ya mashariki ya msingi, akapima kwa hatua zake mpaka pale ambapo, alisema, mvua ya Januari hufika ikiletwa na upepo. Ilikuwa mita moja na nusu na ushee.

Fundi akakata namba aliyokuwa ameandika, akahesabu upya kwa kidole juu ya mchoro, akaongeza bati 14, mbao na nguzo za veranda. Akamgeuzia mwalimu karatasi. Mwalimu akaitazama kwa muda, akatoa simu, akampigia binti yake Dar es Salaam kumwomba amwongezee. Tulisikia sauti ya binti ikiuliza maswali mengi, halafu ikauliza hivi hiyo nyumba, baba, ni ya bloku kama tulivyokubaliana?

"Ni tofali, mwanangu," mwalimu akasema. "Tofali nzuri sana. Bati ndizo zimepungua."